Kihamba Kijilishe Kwanza: Namna ya Kulifanya Shamba Dogo la Nyumbani Lijitegemee na Kuleta Faida

Kila mwaka katika juma la Noeli barabara zinazopanda mlima Kilimanjaro hujaa magari kutoka Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Nairobi. Watoto wa Uchagani wanarudi nyumbani. Nyumba zilizofungwa kwa miezi mingi hufunguliwa madirisha, mbuzi huchinjwa, makaburi ya wazee hufyekewa majani. Siku mbili tatu baada ya sikukuu, kabla magari hayajashuka tena, hufanyika kikao cha familia, na mara nyingi sisi mapadre huitwa kukifungua kwa sala. Wakati mwingine huombwa tubaki hadi mwisho, kwa sababu wenye kikao wanajua kwamba hawatakubaliana.

Katika miaka ya karibuni suala moja limekuwa likirudi katika vikao hivyo kuliko mengine yote: kihamba kifanyweje? Mwana aliye mjini hulalamika kwamba kila mwezi anatuma fedha kwa simu, za pumba, za dawa ya ng'ombe, za kijana wa shamba, naye hajawahi kuona hata mkungu mmoja wa ndizi. Mama mzee aliyebaki nyumbani husema kwamba fedha hizo huja zimechelewa na hazitoshi. Mmoja hupendekeza kipande cha chini kiuzwe. Mwingine hunyamaza, akitazama upande wa makaburi. Tumeona ndugu wa tumbo moja wakiondoka katika vikao hivyo bila kuagana.

Kwa wengi walio mjini, kihamba kimekuwa shamba la kujifurahisha: mahali pa kupumzika kwa siku kumi, pa kupiga picha za ng'ombe na migomba, pa kustaafia siku moja. Si vibaya mtu kulipenda shamba kwa namna hiyo. Lakini shamba linalopendwa bila kuhesabiwa hula mshahara wa mwenyewe mwaka hata mwaka, na mwishowe huwa chanzo cha ugomvi au huuzwa. Katika makala hii tunataka kueleza jinsi shamba dogo la namna hiyo, la nusu ekari hadi ekari mbili, linavyoweza kurudishwa katika hali ya kujitegemea, kisha kuleta faida ya kadiri. Hoja yetu ni moja: kihamba huanza kuleta faida pale kinapoacha kununuliwa chakula chake, na si pale kinapoongezewa mifugo na miradi.

Kihamba kilivyojitosheleza zamani

Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro, kihamba ni shamba la nyumbani lililozunguka nyumba ya Mchagga, lenye mimea ya ghorofa kadhaa. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, kama vile mringaringa na mgrevilea. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini kabisa kuna magimbi, mboga na majani ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi hufungwa bandani, huletewa majani, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Mifereji ya asili, iitwayo mifongo, ilileta maji kutoka kwenye mito ya mlimani. Familia ilikuwa pia na shamba la tambarare, mahali pa mahindi, maharage na ulezi, na mabua ya huko yalibebwa hadi juu kuwa chakula cha ng'ombe.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo haikutolewa kwa sababu kihamba hupendeza macho. Ilitolewa kwa sababu kipande kidogo cha ardhi kililisha watu wengi kwa vizazi vingi bila udongo wake kuchoka.

Siri yake ilikuwa mzunguko. Kilichotoka katika sehemu moja ya shamba kilikuwa chakula cha sehemu nyingine. Majani yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ikaenda kwa mgomba, ndizi zikaenda jikoni, na maganda ya ndizi yakarudi kwa ng'ombe. Kahawa, iliyoingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari wa Kilema, ndiyo iliyoleta fedha za ada ya shule, mabati na nguo. Yaani jikoni palilishwa na mzunguko, na mfuko ulilishwa na zao moja.

Mzunguko huo ulikatika polepole. Vihamba viligawanywa kwa wana hadi vikawa vipande vidogo. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengi waliiacha mibuni izeeke au waliing'oa. Vijana walishuka mjini, na shamba la tambarare likakodishwa au likauzwa. Waliobaki juu ni wazee, na mzee wa miaka 75 hawezi kubeba mzigo wa majani kila siku. Hapo ndipo simu ilipochukua nafasi ya mikono: majani yakanunuliwa, samadi ikanunuliwa, hata ndizi za mtori zikanunuliwa sokoni na mtu mwenye migomba uani.

Anza na daftari

Katika Injili ya Luka, Bwana anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Wengi wetu tunajenga mnara kwanza, tunahesabu baadaye, au hatuhesabu kabisa kwa kuogopa jibu.

Tunashauri daftari la kawaida lenye safu tatu. Safu ya kwanza iandikwe kilichotoka mfukoni: pumba, mashudu, dawa, mshahara, nauli ya gari la majani. Safu ya pili iandikwe kilichoingia mfukoni: maziwa, mikungu, kahawa, ndama. Safu ya tatu, ambayo karibu kila familia huisahau, iandikwe kilichoingia jikoni: lita ngapi za maziwa zilizonywewa, mikungu mingapi iliyopikwa, mayai mangapi yaliyoliwa, yote kwa bei ya sokoni ya siku ile. Anayebaki nyumbani aandike kila jioni, na kila Jumamosi ukurasa upigwe picha na kutumwa kwa ndugu wote, si kwa mmoja tu.

Tutoe mfano wa ng'ombe mmoja. Bei tunazotumia ni za mfano, na kila mmoja aweke za sokoni kwake. Tuseme ng'ombe chotara anatoa lita 8 kwa siku kwa miezi 10, kisha anakauka miezi 2 kabla ya kuzaa tena. Lita 2 zinabaki nyumbani, lita 6 zinauzwa kwa shilingi 1,500 kila moja. Hiyo ni shilingi 9,000 kwa siku, au 270,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni shilingi 2,700,000.

Sasa gharama. Pumba na mashudu shilingi 84,000 kwa mwezi. Dawa, chumvi na uhimilishaji shilingi 30,000. Sehemu ya mshahara wa kijana inayomhusu ng'ombe shilingi 100,000. Jumla ni 214,000 kwa mwezi. Ng'ombe hali kwa miezi 10 tu, anakula mwaka mzima. Hivyo gharama ya miezi 12 ni shilingi 2,568,000. Kinachobaki mfukoni kwa mwaka mzima ni shilingi 132,000. Na hapo majani yote yametoka shambani. Kama yananunuliwa, tuseme kwa shilingi 5,000 kwa siku, ndani ya mwezi mmoja yanakula shilingi 150,000, na faida ya mwaka mzima imekwisha kabla mwezi huo haujaisha.

Msomaji ataona mambo mawili. La kwanza, majani ndiyo yanayoamua kama ng'ombe ni mali au ni mzigo. La pili, faida kubwa ya ng'ombe haimo katika safu ya pili. Lita 2 za nyumbani kwa siku 300 ni lita 600, zenye thamani ya shilingi 900,000. Tena kuna ndama, na kuna samadi: ng'ombe mkubwa wa kufungiwa hutoa kilo 15 au zaidi za samadi mbichi kwa siku, yaani zaidi ya tani 5 kwa mwaka. Mwana aliye mjini anayetazama fedha tu ataona shilingi 132,000 na kusema ng'ombe auzwe. Mama anayetazama jiko tu atasema ng'ombe ni uhai. Wote wawili wanasema kweli, lakini kila mmoja anasoma safu yake. Daftari lenye safu tatu huwawezesha kusoma ukurasa mmoja.

Mtego wa Desemba

Wanaorudi kwa Noeli hukiona kihamba wakati mvua za vuli zimekwisha kukinywesha. Majani ni mengi, migomba inang'aa, na mtu aliyepokea bonasi ya mwisho wa mwaka hutazama banda na kujiambia kwamba kuna nafasi ya ng'ombe wa pili. Lakini baada ya Desemba huja Januari na Februari, miezi ya jua kali, kabla masika hayajaanza mwezi Machi.

Hatuandiki haya kama waalimu wasio na kosa. Desemba moja nyumba yetu ya mapadre ilinunua ng'ombe wawili kwa mpigo, kwa sababu uani kulikuwa na kijani kila upande. Ilipofika wiki ya tatu ya Februari tulikuwa tunanunua majani ya kirikuu kimoja baada ya kingine, na maziwa yalikuwa yamepungua kwa nusu. Mvua za Machi zilipoanza tulimuuza mmoja kwa bei ya chini kuliko tuliyomnunulia. Tungelikuwa na daftari la Februari iliyotangulia, tusingelimnunua.

Kipimo chake si kigumu. Ng'ombe chotara wa kilo 400 anahitaji takribani kilo 60 za majani mabichi kwa siku. Kwa mwaka ni karibu tani 22. Ili kumlisha kwa majani ya kupandwa peke yake, huhitajika karibu ekari 1 ya matete yaliyotunzwa vizuri. Kihamba cha ekari 1 chenye nyumba, migomba, mibuni na makaburi hakina ekari 1 ya matete. Kwa hiyo majani yatafutwe penye nafasi: matete na guatemala kwenye mipaka, kingo za mifereji na matuta, desmodiamu chini ya migomba, lukina au kaliandra kama ua hai, kwa sababu majani ya miti hiyo yana protini na hupunguza pumba za kununua. Mabua ya mahindi ya tambarare yakatwe vipande vidogo na kuhifadhiwa pakavu kwa ajili ya Februari. Shina la mgomba lisihesabiwe kuwa chakula kamili, maana sehemu yake kubwa ni maji.

Baada ya kuhesabu hivyo, wenye nusu ekari wengi watagundua kwamba ng'ombe ni mkubwa kuliko shamba lao. Hao tunawashauri mbuzi wa maziwa. Chakula cha ng'ombe mmoja hutosha mbuzi 5 au 6, na anayeanza na mbuzi 2 anaweza kuongeza au kupunguza bila hasara kubwa. Mzee naye anaweza kubeba mzigo wa majani wa mbuzi.

Samadi irudi kwenye mgomba

Samadi isiachwe juani nyuma ya banda. Irundikwe kivulini pamoja na majani yaliyobaki na majivu, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe mara mbili tatu, na baada ya miezi mitatu hivi iwekwe kwenye mashina, madebe mawili hadi matatu kwa kila shina kwa mwaka. Mkojo wa ng'ombe, ambao katika mabanda mengi hupotea ardhini, una naitrojeni nyingi; sakafu yenye mteremko mdogo na shimo dogo la kuukusanya ni kazi ya siku chache kwa fundi.

Kila shina la migomba libaki na mimea mitatu tu: mama anayezaa, mwana anayemfuata na mjukuu anayechipua. Ikiachwa saba au minane, yote huzaa mikungu myembamba. Mashina yaliyovunwa yakatwekatwe yasiwe makazi ya fukusi. Machipukizi ya kupanda yasichukuliwe kwenye shamba lenye mnyauko, hata kama yanatolewa bure.

Familia yenye ng'ombe wawili waliokaa bandani mwaka mzima inaweza pia kufikiria mtambo mdogo wa biogesi wa mita za ujazo 4, unaotosha mapishi mengi ya nyumba ya kawaida. Tope linalotoka huko ni mbolea nzuri, na kuni hazinunuliwi tena. Lakini mtambo ujengwe baada ya ng'ombe kutulia, si kabla.

Maji ya paa

Mifongo mingi leo haifikishi maji kama zamani. Paa la bati la nyumba, hata hivyo, ni chanzo kilicho tayari. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 12 kwa 10, penye mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, hupokea lita 144,000. Ukiondoa yanayopotea, zaidi ya lita 110,000 zinaweza kukingwa. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa anahitaji lita 60 hadi 80 kwa siku. Januari na Februari zina siku 59, hivyo hahitaji zaidi ya lita 4,720. Tangi la lita 5,000 linamvusha kiangazi hicho chote. Watu wengi hujenga ukuta wa mbele kwa fedha nyingi kuliko bei ya tangi hilo.

Zao la kuuza liwe moja au mawili

Jikoni pakishalishwa, ndipo tuseme habari ya soko. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuwa na miradi sita midogo, kila mmoja ukihitaji dawa yake, mtaalamu wake na mteja wake. Mwaka mmoja ni kuku, mwaka wa pili ni sungura, mwaka wa tatu ni samaki. Tunashauri zao moja kuu la kuuza, na la pili la kulishika mkono.

Kwa vihamba vingi vya mwinuko wa kati, kahawa bado inastahili kufikiriwa upya. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao yake Lyamungu, imetoa aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowala wakulima wa zamani kwa gharama za dawa. Mibuni ya zamani iliyo imara nayo inaweza kukatwa visiki na kuchipuzwa upya, yakiachwa machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Isikatwe yote kwa mwaka mmoja. Sehemu ya tatu kila mwaka yatosha, ili mapato yasikatike.

Kahawa hulipa kwa ubora. Ichumwe iliyoiva nyekundu peke yake, ikobolewe siku ileile, ivundikwe, ioshwe, kisha ianikwe juu ya chanja, si ardhini. Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa karibu kilo 1 ya kahawa kavu ya maganda. Iuzwe kupitia chama cha msingi, na malipo ya awali na ya pili yote yaandikwe daftarini, maana malipo ya pili ndiyo yanayopotea katika kumbukumbu za familia.

Ndizi ni zao la pili. Zina fedha kila wiki, jambo ambalo kahawa haina. Lakini anayeuza mkungu mmoja mmoja kwa mchuuzi anayepita langoni hupokea bei ya mchuuzi. Majirani wanne au watano wakikata siku moja na kupeleka pamoja sokoni Mwika au Marangu Mtoni, au wakielewana na mnunuzi mmoja wa lori, mazungumzo ya bei hubadilika. Vijana wa ukoo walio mjini, badala ya kutuma fedha tu, watafute wateja: hoteli, shule, majirani wa mtaani. Mchango huo nao ni kazi ya shamba.

Juu ya kuku wa mayai tunasema kwa kifupi, kwa kuwa ndio mradi unaotajwa kwanza katika kila kikao. Kuku mmoja hula takribani kilo 7 hadi 8 za chakula kabla ya kutaga yai la kwanza, akiwa na umri wa miezi minne hadi mitano. Kuku 100 ni mifuko 14 hadi 16 ya kilo 50 kabla ya kuingia shilingi yoyote. Wakianza kutaga hula kilo 12 kwa siku, na wakitaga vizuri hutoa mayai 80, yaani trei 2 na mayai 20. Kila mmoja akokotoe kwa bei za kwake. Chakula hicho karibu chote hununuliwa, na kihamba hakikizalishi. Kwa hiyo mradi huo uko nje ya mzunguko tuliousema, na asiyekuwapo nyumbani hauwezi. Kuku 15 wa kienyeji wanaochakura chini ya migomba, wakichanjwa mdondo kila baada ya miezi mitatu, hulisha jiko vizuri zaidi kwa gharama ndogo.

Anayebaki nyumbani

Tumefika katika jambo ambalo, kwa uzoefu wetu, huvunja vihamba vingi kuliko ukame na magonjwa. Ni kijana wa shamba. Huletwa kutoka mbali, huahidiwa mshahara mdogo, hulipwa kwa kuchelewa, hulala katika chumba kilicho karibu na banda, na hubadilishwa kila baada ya miezi minane. Kila anapoondoka, mtu wa kumjua ng'ombe huondoka naye. Kisha tunasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Tangu waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, Kanisa limefundisha waziwazi kwamba mshahara wa mfanyakazi sharti umtoshe kuishi kwa heshima. Fundisho hilo haliwahusu wenye viwanda peke yao. Linamhusu pia anayetuma fedha kwa simu kutoka Dar es Salaam. Kijana apewe mkataba wa maandishi na mshahara usiopungua kima kilichowekwa na sheria, na siku yake ya kupumzika ijulikane.

Zaidi ya mshahara, apewe fungu. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kukabidhi ng'ombe kwa jirani: aliyetunza alinywa maziwa na kutumia samadi, naye mwenye mali akabaki na haki ya ng'ombe wake na uzao wake. Walielewa kwamba mtu hutunza vema kile kinachomtunza. Leo tunaweza kumpa kijana lita moja ya kila jioni, au kipande cha mboga alime na kuuza mwenyewe, au sehemu ya bei ya ndama akiuzwa. Tumeona banda moja ambako kijana aliahidiwa fungu la ndama, naye ndiye aliyegundua usiku kwamba ng'ombe ameshindwa kuzaa, akaamka na kumwita mganga wa mifugo. Asingekuwa na fungu, huenda angelala.

Na mama mzee? Asifanywe msimamizi bila kuulizwa. Wapo wazazi wanaobeba kihamba kwa kuogopa kuwavunja moyo watoto, huku magoti yakiuma. Kama nguvu zimepungua, mifugo ipunguzwe. Kihamba kimewekwa kwa ajili ya mama, wala mama hakuwekwa kwa ajili ya kihamba.

Hatua za miaka mitatu

Mwaka wa kwanza usinunuliwe mfugo wowote. Daftari lianzishwe, migomba ipunguzwe mashina, matete na miti ya malisho ipandwe kwenye mipaka, mifereji ya paa ifungwe na tangi linunuliwe. Udongo upimwe, Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, hufanya kazi hiyo, na afisa ugani wa kata anaweza kuelekeza jinsi ya kuchukua sampuli. Lengo la mwaka huo ni kuona safu ya kwanza, ya kilichotoka mfukoni, ikipungua.

Mwaka wa pili sehemu ya tatu ya mibuni ikatwe au ipandwe mipya, na mbuzi au ng'ombe aingie kwa kadiri ya majani yaliyohesabiwa Februari, si Desemba. Mwaka wa tatu ndipo mauzo yapangwe pamoja na majirani, na ndipo iamuliwe kama kuna sababu ya kuongeza chochote.

Faida itakayopatikana haitakuwa kubwa. Ekari 1 haitajenga ghorofa mjini, na anayeahidi hivyo asiaminiwe. Lakini kihamba kinachomlisha mama, kinachomlipa kijana mshahara wa haki, kinacholipa dawa zake chenyewe na kubakiza ada ya mtoto mmoja, hicho kimejitegemea. Familia ambayo haijafika huko haijakosea kukipenda kihamba. Bado haijakihesabu.

Noeli ijayo tutaitwa tena kufungua vikao kwa sala, nasi tutakuja. Tunaomba jambo moja tu kwa wenye kikao: baada ya sala, kabla mtu yeyote hajasema neno juu ya kuuza au kutouza, daftari lisomwe kwa sauti, safu zote tatu, kuanzia Januari. Na yule aliyeliandika mwaka mzima, awe mama au kijana wa shamba, apewe kiti pale mezani.